Kamari ya mtandaoni: Jinsi sheria inavyoweza kumwacha mwekezaji mikono mitupu

MTU anayepita Ndia Kuu wakati wa jioni, akitoka upande wa Fort Jesus kuelekea Bandari ya Kale, hakosi kuwaona vijana walioketi barazani, vichwa vimeinamia simu. Si wote wanaosoma habari. Wapo wanaoweka dau juu ya mechi za Uingereza na Uhispania, na wapo wanaotazama kindege cha mchezo wa Aviator kikipaa katika kioo cha simu kabla hakijatoweka pamoja na fedha zao. Zamani mwenye hamu ya kucheza kamari alilazimika kuvaa vizuri aende kasino. Siku hizi anahitaji simu na salio la M-Pesa tu.

Mengi yameandikwa kuhusu wachezaji, karo za watoto zilizopotea na ndoa zilizovunjika. Lisilozungumzwa sana ni hali ya wale walio upande wa pili wa kaunta, yaani watu waliotia mtaji wao ndani ya kampuni hizo wakiamini kwamba mwenye kuendesha kamari hapotezi. Kwa hesabu ya mchezo wenyewe, imani hiyo ina ukweli. Kwa hesabu ya sheria haina, na historia ya miaka ya karibuni nchini Kenya na ng'ambo inaonyesha kwamba kampuni ya kamari inaweza kuwa na wateja mamilioni mwezi huu na ikafunga milango mwezi ujao bila kushindwa dau hata moja.

Mombasa ni mji wa biashara tangu enzi za majahazi, na mtaji hapa hutafuta njia kama maji. Si ajabu, basi, mfanyabiashara wa Mji wa Kale akafuatwa na mtu anayemtaka anunue hisa katika kampuni ya kubashiri matokeo, amkodishie chumba cha chini kinachotazama barabara, au amwachie laini yake ya simu ipokee malipo. Kila moja kati ya mambo hayo matatu lina hatari yake, na hatari hizo hazifanani.

Leseni ya miezi 12

Kenya haikuwahi kupiga marufuku kamari moja kwa moja. Tangu mwaka 1966, Sheria ya Kamari, Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha, iliyokuwa Sura ya 131 ya sheria za nchi, iliruhusu biashara hiyo kwa sharti kwamba mwenye kuiendesha awe na leseni ya Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari, iliyojulikana kwa kifupi chake BCLB. Sheria hiyo ilitungwa wakati wa tiketi za karatasi na mbio za farasi. Intaneti haikuwamo, wala simu ya mkononi. Hata hivyo, ndiyo iliyotumika kwa karibu miaka 60, na ni chini yake ambapo kampuni za mtandaoni zilichipuka baada ya M-Pesa kuanzishwa mwaka 2007 na kuenea hadi vijijini.

Jambo ambalo wawekezaji wengi hawakulitilia maanani ni kwamba leseni hizo zilikuwa za mwaka mmoja mmoja, zikimalizika Juni 30. Mtu aliweza kutia mamilioni ya shilingi katika mitambo, matangazo na wafanyakazi, mtaji ambao ungehitaji miaka mitano au zaidi kurudi, huku haki yake ya kufanya kazi ikitegemea karatasi ya miezi 12 na uamuzi wa watu wachache ofisini Nairobi. Mwenye duka Marikiti asingekubali mkataba wa pango wa namna hiyo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa kampuni ya Pevans East Africa, iliyokuwa ikifanya biashara kwa jina la SportPesa tangu mwaka 2014. Kwa muda mfupi jina hilo lilikuwa kila mahali. Lilidhamini Gor Mahia na AFC Leopards, likadhamini ligi kuu ya soka nchini, na kuanzia mwaka 2017 likachapishwa vifuani mwa wachezaji wa Everton ya Uingereza. Julai 7, 2019, Everton ilicheza na Kariobangi Sharks katika uwanja wa Kasarani, na Sharks wakashinda kwa mikwaju ya penalti mbele ya umati uliojaa furaha. Mtazamaji yeyote angesema kampuni hiyo iko kileleni.

Wakati mechi hiyo ikichezwa, leseni ya kampuni ilikuwa imekwisha muda wake. Mwezi huo huo BCLB ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, SportPesa na Betin zikiwa miongoni mwao, kwa hoja kwamba hazijathibitisha kuwa zimelipa ushuru ipasavyo. Safaricom ikaagizwa kufunga nambari za malipo za kampuni hizo. Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Dkt Fred Matiang'i, aliagiza pia wageni 17 waliohusika na biashara ya kamari wafukuzwe nchini. Kufikia mwisho wa Septemba 2019, SportPesa ilitangaza kusitisha shughuli zake nchini Kenya. Betin nayo ikawaachisha kazi wafanyakazi wake. Februari 2020 Everton ikatangaza kwamba mkataba wa jezi ungevunjwa mwishoni mwa msimu.

Inafaa kutazama kwa makini silaha iliyotumika. Serikali haikupeleka polisi kuvunja milango, wala haikumfikisha mchezaji hata mmoja mahakamani. Ilikata mfereji wa fedha. Kampuni ya kamari ya mtandaoni haina ghala la bidhaa wala shamba. Ilicho nacho ni uwezo wa kupokea na kutoa pesa kwa haraka. Ukiondolewa uwezo huo, kilichobaki ni jina na madeni.

Ushindi ni nini?

Nyuma ya mgogoro wa 2019 kulikuwa na swali linaloonekana la kitoto: ushindi ni kiasi gani? Sheria ilitaka asilimia 20 ya ushindi wa mchezaji ikatwe kama ushuru kabla hajalipwa. Tuseme mchezaji ameweka dau la Sh100 na akalipwa Sh300. Kampuni zilisema ushindi wake ni Sh200, kwa kuwa zile Sh100 za mwanzo zilikuwa zake mwenyewe, hivyo ushuru ni Sh40. Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, ilisema ushindi ni Sh300 nzima, na ushuru ni Sh60. Tofauti ya Sh20 haimtishi mtu. Lakini ukiizidisha kwa mamilioni ya tiketi za kila wiki, kisha ukaongeza faini na riba ya miaka iliyopita, deni linapanda hadi mabilioni.

Novemba 2019, Jopo la Rufaa za Ushuru lilikubaliana na kampuni kwamba dau haliwezi kuhesabiwa kuwa sehemu ya ushindi. Ulikuwa uamuzi mzuri kwa walioshtaki, isipokuwa kwamba ulitolewa wakati milango tayari imefungwa na wafanyakazi wamekwenda nyumbani. Mwekezaji anayeambiwa na wakili wake kwamba "kesi yetu ni nzuri" hana budi kuuliza swali la pili: itaamuliwa lini, na kampuni itakula nini kabla ya siku hiyo?

Viwango vyenyewe vya ushuru havijatulia. Mnamo 2017 aliyekuwa Waziri wa Fedha, Bw Henry Rotich, alipendekeza kampuni za kamari zitozwe asilimia 50 ya mapato; baada ya mvutano na Bunge, kiwango kikawa asilimia 35 kuanzia Januari 2018, kutoka asilimia 7.5 iliyokuwa ikilipwa na kampuni za kubashiri. SportPesa ilijibu kwa kuondoa udhamini wake kwa michezo ya humu nchini. Mwaka huo huo kiwango kikashushwa hadi asilimia 15. Novemba 2019 ukaja ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 juu ya kila dau, ambao ulifutwa katikati ya 2020. Ukarudishwa mwaka 2021 kwa asilimia 7.5, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023, ukafika 15 Desemba 2024, kisha Sheria ya Fedha ya 2025 ikaubadilisha msingi wake: badala ya dau, sasa unatozwa kwa asilimia 5 ya pesa mchezaji anazoweka katika akaunti yake ya kamari, na asilimia 5 nyingine hukatwa anapozitoa. Ni vigumu kuitaja biashara nyingine halali ambayo imebadilishiwa hesabu mara nyingi hivyo katika miaka minane. Mtu aliyeandika mpango wa biashara wa miaka mitano mnamo 2016 alikuwa akiandika hadithi.

Wengi hujifariji kwamba kampuni yenye dhima ya kikomo humlinda mwenye hisa, kwa maana kwamba kampuni ikifilisika atapoteza hisa zake tu. Kwa kawaida ni kweli. Lakini Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 inasema kwamba ikiwa wakurugenzi au wenye hisa wanaoidhibiti kampuni wamefanya mpango unaoifanya ishindwe kulipa ushuru, kwa mfano kuhamishia mali yake kwingine, wanaweza kudaiwa deni hilo wao binafsi. Sheria hiyo inampa Kamishna uwezo wa kuiagiza benki ikabidhi fedha za mdaiwa, na hata kuomba mtu azuiwe kuondoka nchini. Mwenye hisa chache hana sababu ya kukosa usingizi kwa hili. Mwenye hisa nyingi na kiti katika meza ya wakurugenzi anayo.

Wenye hisa wanapogombana

Oktoba 2020 jina la SportPesa lilirudi Kenya, lakini safari hii chini ya kampuni nyingine, Milestone Games. BCLB ilikataa, ikisema jina hilo lilikuwa la Pevans na haliwezi kutumiwa na mwingine. Milestone ikaenda Mahakama Kuu na kupata maagizo yaliyoiwezesha kuendelea. Kwa mchezaji wa barazani, hakuna kilichobadilika: jina ni lile lile na rangi ni zile zile. Kwa mwenye hisa wa Pevans, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Baadhi yao, akiwemo aliyekuwa mwenyekiti, Bw Paul Ndung'u, walipinga hatua hiyo wakidai kwamba wameachwa nje ya biashara waliyosaidia kuijenga, madai ambayo upande wa pili uliyakanusha.

Pasipo kuingia katika haki ya upande wowote, kesi hiyo inafundisha jinsi mali ya kampuni ya mtandaoni ilivyo. Mwenye hisa katika kiwanda cha saruji anajua tanuru liko wapi. Katika kampuni ya kamari, thamani imo katika jina la biashara, orodha ya wateja, programu na leseni, vitu ambavyo vinaweza kusajiliwa kwa jina la kampuni nyingine, pengine katika nchi nyingine. Anayenunua hisa bila kuuliza jina limesajiliwa na nani, na programu inamilikiwa na nani, huenda amenunua ganda.

London ilishaonja

Haya si mageni ulimwenguni. Mnamo Juni 2005, kampuni ya PartyGaming, yenye makao yake Gibraltar, iliuza hisa zake London na kwa muda mfupi ikaingia katika orodha ya kampuni 100 kubwa zaidi za soko hilo. Sehemu kubwa ya mapato yake yalitoka kwa wacheza poka wa Marekani, ambako wizara ya sheria ilishikilia kwamba kamari ya mtandaoni ni haramu. Kampuni haikulificha jambo hilo. Waraka wa kuuzia hisa uliwaonya wanunuzi. Walisoma, wakanunua.

Julai 2006 mkuu wa kampuni ya BetOnSports, Bw David Carruthers, raia wa Uingereza aliyekuwa akibadilisha ndege katika uwanja wa Dallas akielekea Costa Rica, alikamatwa. Alihukumiwa miezi 33 gerezani mwaka 2010. Septemba 2006 mwenyekiti wa Sportingbet, Bw Peter Dicks, naye alikamatwa New York, ingawa aliachiliwa baadaye. Kisha, usiku wa kuamkia Septemba 30, wabunge wa Marekani walipitisha sheria iliyozuia benki na kampuni za kadi kupeleka fedha kwa kamari haramu ya mtandaoni. Wakazi wa mji wa bandari watavutiwa kujua kwamba kifungu hicho kilichomekwa ndani ya mswada wa usalama wa bandari, ambao hakuna mbunge aliyetaka kuonekana akiupinga. Rais George W. Bush aliutia sahihi Oktoba 13. Soko la London lilipofunguliwa Jumatatu, Oktoba 2, hisa za PartyGaming zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa siku moja.

Mmoja wa waanzilishi wake, Bw Anurag Dikshit, alikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani Desemba 2008 na kukubali kulipa dola milioni 300. Kampuni yenyewe ililipa dola milioni 105 mwaka uliofuata ili isishtakiwe. Waanzilishi wa Neteller, iliyokuwa ikipitisha malipo ya wachezaji, walikuwa wamekamatwa tangu Januari 2007. Wao hawakuchezesha kamari kabisa, walihamisha pesa tu.

Hapo ndipo Marekani ya 2006 na Kenya ya 2019 zinapokutana. Serikali mbili zisizofanana kwa lolote ziligundua kwamba njia rahisi ya kuibana kamari ya mtandaoni ni kumbana anayepitisha malipo. Uganda nayo, Januari 2019, ilitangaza kwamba Rais Yoweri Museveni ameagiza kampuni za kigeni za kubashiri zisipewe leseni mpya wala kuhuishiwa za zamani. Tangazo lilitolewa na waziri akiwa kanisani.

Sheria mpya, serikali mbili

Agosti 2025 Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Kudhibiti Kamari, iliyofuta ile ya 1966 na kuanzisha Mamlaka ya Kusimamia Kamari mahali pa BCLB. Sheria hii, tofauti na iliyotangulia, inaitaja kamari ya mtandaoni waziwazi, na inaweka masharti juu ya umiliki, dhamana ya kifedha, matangazo na ulinzi wa watoto. Miezi michache kabla yake, mwishoni mwa Aprili, BCLB ilikuwa imesimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na baadaye ikaja na kanuni zilizozuia watu mashuhuri kutumiwa kuyapamba. Kampuni iliyokuwa imelipia matangazo ya msimu mzima ilijikuta imelipia ukimya.

Mwekezaji wa Mombasa ana jambo jingine la kukumbuka. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa mamlaka juu ya kamari: Serikali ya Kitaifa inasimamia kamari ya ngazi ya kitaifa, na kaunti zimepewa kamari na kasino miongoni mwa shughuli za burudani. Mpaka kati ya hizo mbili haujawahi kuwa bayana, hasa kwa mchezo unaochezwa ndani ya simu, ambao hauna kaunti. Duka lenye skrini na viti, hata hivyo, lina anwani, na mwenye duka anaweza kudaiwa vibali na pande zote mbili.

Mwenye nyumba naye hayuko nje ya haya. Katika Mji wa Kale, eneo lililohifadhiwa kisheria kama turathi, mabango makubwa yenye taa hayatundikwi ovyo ukutani. Tena baadhi ya nyumba ni za wakfu, chini ya usimamizi wa Makamishna wa Wakfu, na itakuwa shida kueleza jinsi pango la kamari linavyotimiza nia ya marehemu aliyeitoa nyumba kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Hatari iliyo karibu zaidi na mtu wa kawaida ni ile ya laini ya simu au akaunti ya benki. Tovuti zisizo na leseni ya Kenya haziwezi kupata nambari za malipo kwa njia ya kawaida, hivyo zinahitaji watu wa kuzipokelea pesa kwa majina yao. Malipo huonekana matamu kwa kazi isiyotoa jasho. Lakini Sheria ya Kuzuia Utakatishaji wa Fedha ya 2009 imeziweka kasino, zikiwemo za mtandaoni, katika orodha ya wanaopaswa kuripoti miamala ya kutiliwa shaka, na tangu Februari 2024, Kenya ilipoingizwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kuhusu fedha chafu, benki zina sababu zaidi ya kuuliza maswali. Swali la kwanza litaelekezwa kwa mwenye jina lililo kwenye akaunti. Yule aliyeko Malta au Cyprus hatapigiwa simu.

Je, ubia ukivunjika, mwekezaji Mwislamu anaweza kumwendea Kadhi, ambaye wengi Mji wa Kale wamezoea kumpelekea mashauri yao? Hawezi. Kifungu cha 170 cha Katiba kimeiwekea Mahakama ya Kadhi mipaka: hali ya mtu kisheria, ndoa, talaka na urithi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikizwa huko. Mgogoro wa hisa ni wa mahakama za kawaida. Benki za Kiislamu nazo haziwezi kumkopesha mtaji, kwa kuwa kamari imeharamishwa katika Surat al-Maida, aya ya 90.

Shauri linaweza kumfikia Kadhi kwa mlango mmoja tu, nao ni mlango wa mauti. Mwenye hisa akifariki, hisa zake huingia katika mirathi, na warithi wakikubaliana kumwendea Kadhi, atakabidhiwa mali ambayo sheria ya nchi inaitambua na dini ya warithi inaikataa. Mjane, watoto na ndugu watakuwa wameketi mbele yake wakisubiri mgawo wa kampuni ambayo, pengine wiki ile ile, leseni yake inasubiri kuhuishwa Nairobi.